Cheti cha Lambo la Unyamsaa

Ukiwauliza watu wa Unyamsaa ni nani aliyewachimbia lambo lao, wengi watakuambia ni serikali. Wachache tu, wale ambao ng'ombe wao walipanda na kushuka juu ya tuta lile mwezi mzima kulishindilia kwa kwato, ndio watakaomtaja Naftali Msengi. Na hata hao wakimtaja hushusha sauti, kama mtu anayetaja deni la marehemu.

Naftali alikuwa Mnyiramba wa Kinampanda. Alizaliwa vita vya Mjerumani vilipokuwa vinamalizika, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akabatizwa, akaoa. Mkewe aliitwa Rahabu, na mtoto wao wa kwanza alikuwa binti, Dina. Vita vya pili vilipokuja, Naftali akaandikishwa. Hakupewa bunduki nyingi za kubeba. Alitiwa katika kikosi cha mafundi, wale wanaotangulia mbele ya jeshi kujenga madaraja na barabara. Huko Bama, walikopelekwa kupigana na Mjapani, kwenye matope yaliyomeza magari mazima, alijifunza kupima usawa wa ardhi kwa darubini ya fundi, kusoma ramani, na kuongoza watu wasiopungua arobaini bila kupiga kelele. Alirudi na cheo cha sajini.

Hakurudi peke yake. Alirudi na Idrissa Ntandu, Mnyaturu wa Ilongero, Mwislamu, aliyekuwa koplo wake. Idrissa hakusoma sana, lakini udongo aliujua. Alikuwa akichota kidogo, anaufinyanga kiganjani, anagusisha ulimi, halafu anakuambia kama udongo ule utashika maji au utayaachia. Naftali alisema mara nyingi kwamba darubini humwonyesha juu ya ardhi tu, na Idrissa ndiye aliyemwonyesha chini yake.

Mwaka wa 1948 wakaanzisha kampuni yao. Watu walicheka kidogo kusikia neno kampuni, maana kampuni ilijulikana kuwa kitu cha Wazungu na Wahindi. Wao hawakujali. Walianza na visima, wakavijengea kingo za mawe. Wakapewa makalvati mawili ya barabara, wakayamaliza kabla ya siku. Serikali ilichelewa kulipa, lakini ililipa. Kwa fedha hizo wakanunua matoroli, sururu, na darubini ya kupimia iliyokwisha kutumika, ambayo Rahabu aliishonea mfuko wa kaniki ili vumbi lisiingie.

Ndipo ikaja kazi ya Unyamsaa.

Unyamsaa ni bonde la wafugaji na wakulima wa uwele, mwendo wa siku kutoka Ilongero. Wakati wa kiangazi akina mama walikuwa wakitoka usiku kufuata maji, wakirudi jua likiwa kichwani. Boma likaamua bonde lichimbiwe lambo. Mkataba ulikuwa kurasa nne za Kiingereza, na karani wa boma, Melkizedeki, aliwasomea kwa Kiswahili pole pole, akirudia palipo pagumu. Malipo yangekuwa mafungu matatu. Fungu la kwanza wangepewa kazi ikianza. La pili wangelipwa baada ya mtaro wa msingi kukaguliwa na mhandisi aliyeitwa na watu wote Bwana Maji. La tatu lilikuwa la mwisho, cheti cha kukamilika kikitiwa sahihi. Nao waliweka amana yao bomani, kama dhamana kwamba hawatakimbia kazi. Wakatia sahihi wote wawili, kwa kuwa mkataba uliwataja wote wawili.

Vibarua Naftali aliwatoa Kinampanda. Walikuwa jamaa zake, watu wa kanisani kwake, vijana wa mashemeji zake. Hawakumwuliza serikali italipaje. Walikuja kwa jina lake.

Kwa mtu asiyejua, lambo ni tuta la udongo lililoziba bonde. Lakini ukirundika udongo juu ya mchanga, maji yatapita chini yake, na siku moja tuta lote litaondoka pamoja na watu walio chini ya bonde. Kwa hiyo kwanza unachimba mtaro kukatiza bonde, unashuka mpaka ukute udongo mgumu, kisha unaujaza mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka, unaushindilia mpaka uwe kama chungu kilichochomwa. Idrissa aliwashusha watu kimo cha wanaume wawili. Kila walipodhani wamefika, aliteremka, akaonja, akasema bado.

Bwana Maji alikuja Agosti ya mwaka 1951. Alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye kikohozi, asiye na maneno mengi. Alivua viatu, akashuka kwa ngazi mpaka chini ya mtaro, akakanyaga huku na huku, akapiga sururu mara tatu kwa mkono wake mwenyewe. Alipopanda juu alisema vizuri, jazeni. Akaandika kitu katika kijitabu chake cha mfukoni, akawaambia atapeleka barua akifika ofisini, akapanda gari lake akaondoka.

Wiki mbili baadaye wakasikia kwamba amechukuliwa mgonjwa, amepelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko ametiwa melini kurudi kwao. Kijitabu kiliondoka katika koti lake.

Naftali alipokwenda bomani kudai fungu la pili, Melkizedeki alifungua jalada akalipekua mara mbili. Hapakuwa na barua. Alisema hana ruhusa ya kuandika hati ya malipo bila maneno ya Bwana Maji, na Bwana Maji mwingine hajaletwa. Naftali alirudi Unyamsaa, akakaa na Idrissa juu ya kifusi. Walikuwa na njia mbili tu. Wangeweza kusimamisha kazi mpaka mhandisi mpya aje. Lakini mtaro ulikuwa umejazwa nusu, na mvua zikiukuta hivyo zingeuharibu wote, ikawa kama hawakufanya kitu. Au wangeweza kuendelea kwa mkopo.

Wakaendelea. Naftali alichukua saruji, mahindi na maharage kwa daftari katika duka la Mhindi mmoja mjini Singida. Aliwakusanya vibarua akawaambia ujira wao utachelewa mpaka Krismasi, wakakubali. Idrissa alikwenda Ilongero kwa baba yake, akarudi na fedha ya ng'ombe kumi na mmoja. Alisema tu kwamba mzee amekubali, hakueleza zaidi. Wakapandisha tuta, wakaleta ng'ombe wa kijiji kulishindilia, wakajengea kwa mawe njia ya kumwagia maji ya ziada. Wiki ya mwisho ya Desemba kazi ikaisha, na mvua zikaanza siku nne baadaye.

Lambo lilijaa. Watu wa Unyamsaa walikuja kulitazama wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, kama watu waendao arusini.

Bwana Maji mpya alifika katikati ya mwaka 1952. Alikuwa kijana, mpole, mwenye kusikiliza. Si haki kusema alikuwa mtu mbaya. Alitembea juu ya tuta kutoka mwisho hadi mwisho, akalisifu. Naftali alimweleza habari za mtaro, jinsi mzee alivyoshuka na kuukanyaga. Kijana alisikiliza yote, kisha akasema yeye hakuuona mtaro ule, na jalada halisemi kitu. Alikwisha kuona mahali pengine tuta zuri kama hili likipasuka, likazoa nyumba na watu. Hawezi kutia jina lake chini ya kitu kilicho chini ya maji. Maji yakipungua wakati wa kiangazi atakuja tena, watachimba shimo katikati ya tuta, aone. Na kwa kuwa fungu la pili lilihusu mtaro huo huo, hilo nalo litangoja.

Kiangazi kile maji hayakupungua vya kutosha. Naftali alijikuta akitamani yapungue, akajionea haya.

Huo ndio mwaka kampuni yao ilipoanza kufa, ingawa wenyewe hawakujua kwamba inakufa. Waliomba kazi ya daraja dogo, wakaambiwa mkandarasi mwenye kazi isiyo na cheti hapewi kazi nyingine. Mwenye duka alingoja, akangoja, kisha akatuma mtu kuchukua matoroli, na baadaye darubini. Naftali aliitoa mwenyewe ndani, ikiwa katika mfuko wake wa kaniki, akamkabidhi. Dina, aliyekuwa anasoma shule ya wasichana ya misheni, akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mwalimu wake aliandika barua nzuri kwamba nafasi yake itashikwa mwaka mmoja.

Na vibarua walikuja. Hawakuja kwa ugomvi. Baada ya ibada ya Jumapili, Samweli, mtoto wa ndugu wa baba yake Naftali, alikuwa akiongoza wengine sita au saba, wanaingia uani, wanaamkia, wanaketi. Hawakutaja fedha. Rahabu aliwapa uji, wakanywa, wakashukuru, wakaketi mpaka vivuli vinarefuka, halafu wakaenda zao. Jumapili iliyofuata walikuja tena. Naftali alikuja kusema, alipokuwa mtu mzima sana, kwamba huko Bama hakuna kilichomwogopesha kama ule ukimya wa watu wa kwao.

Mvua za 1953 hazikunyesha. Zilitia matone machache Januari zikakatika. Uwele ulinyauka ukiwa kimo cha goti. Kufika Julai visima vya upande ule wote vilikuwa tope, na watu wakaanza kuhamishia mifugo yao Unyamsaa kutoka mbali. Lambo lilishuka, likaacha pete nyeupe kando kando, lakini maji yalikuwapo. Jumbe wa Unyamsaa aliweka zamu: asubuhi akina mama, mchana ng'ombe, jioni mbuzi na punda.

Mwezi wa Septemba barua ikaja kutoka bomani. Melkizedeki aliileta mwenyewe kwa baiskeli mpaka Kinampanda, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Barua ilisema kwamba maji sasa yamepungua kiasi cha kuweza kutolewa. Wakandarasi wayafungulie yote, wachimbe shimo katikati ya tuta mpaka kwenye msingi, na Bwana Maji atakuja kukagua. Kama msingi ni mzima, mafungu yote mawili yatalipwa pamoja na amana. Kama hawakufanya hivyo mpaka tarehe thelathini Novemba, kazi itahesabiwa kuwa haikukamilika, mkataba utafungwa, na fedha itarudi hazina.

Naftali alimwuliza Melkizedeki kama bomani wanajua ni watu wangapi wanaokunywa maji yale. Melkizedeki alijibu kwamba wanajua. Mkuu wa boma ameuliza jambo hilo, na amejibiwa kwamba ukaguzi ni kazi ya wahandisi, yeye haingilii. Kisha akashusha macho akasema, "Mimi naandika ninaloambiwa niandike, Bwana Naftali." Rahabu akamletea maji ya kunywa, akanywa, akapanda baiskeli yake.

Usiku ule Rahabu hakumshauri mumewe kitu. Alisema tu, "Baba Dina, hawa wanaokaa uani wana watoto." Naftali akajibu kwamba anajua.

Akaenda Unyamsaa kwa miguu. Alimwomba jumbe awaite watu, akawasomea barua ile juu ya tuta lenyewe, mchana, ng'ombe wakiwa wanakunywa nyuma yake. Hakuwaficha neno. Aliwaambia yeye na mwenzake wanadaiwa, kwamba vibarua arobaini hawajalipwa kwa miaka miwili, na kwamba wakiyamwaga maji haya watalipwa. Alitegemea watu watapiga kelele, au watamlaani, au watamsihi. Hakuna aliyefanya hivyo. Hatimaye mama mmoja mzee, Marietha, ambaye zamu ya asubuhi ilimpita, akawa ameketi kando ya mtungi wake mtupu, akasimama.

"Mwanangu," akasema, "maji haya ni ya Mungu, lakini shimo ni lenu. Mlilichimba hamkulipwa. Mkiyamwaga, sisi hatutakuwa na la kuwasema. Tutahama tu."

Akaketi. Na Naftali akajua kwamba kama wangalimtukana, ingalikuwa rahisi.

Idrissa, aliyekuwa amepata barua kama ile, alifika siku ya pili kutoka Ilongero. Alikuwa amekonda. Alikuja na sururu begani, peke yake. Walisalimiana, wakatembea mpaka katikati ya tuta, pale ambapo shimo lingechimbwa. Naftali alimweleza wazo lake: kuchimba chini ya tuta kwa upande wa nje, bila kumwaga maji, ili Bwana Maji auone mtaro kwa ubavuni. Idrissa alisikiliza, akatikisa kichwa. Mtaro ulikuwa katikati, chini kabisa. Ukichimba kwa nje utalidhoofisha tuta na usiufikie. Naftali alijua hivyo hata kabla ya kusema. Alitaka tu kuusikia ukweli ule katika kinywa cha mwenzake.

Ndipo Idrissa akamweleza habari za wale ng'ombe kumi na mmoja. Hawakuwa ng'ombe wa baba yake. Walikuwa mahari ya mdogo wake, waliokusanywa kwa miaka. Baba aliwatoa kwa ahadi ya miezi sita. Binti aliyechumbiwa ameolewa kwingine, mdogo wake ameondoka kwenda kwenye mkonge na hajaandika, na baba amelala kitandani tangu Aprili, hataki kusema na Idrissa.

"Sijaja kukulazimisha, Sajini," akasema. "Mvua zitakuja Desemba. Ni miezi mitatu. Wafugaji watahama miezi mitatu, watarudi. Wamewahi kuhama kabla yetu."

"Wakihama waende wapi? Unajua kisima gani chenye maji kutoka hapa mpaka Ilongero?"

Idrissa akageuka kutazama upande wa Ilongero.

"Na mvua zisipokuja Desemba?"

"Basi mimi niseme nini kwa baba yangu?"

Chini yao ng'ombe walikuwa wanatoka majini na wengine wanaingia, na wachungaji waliitana kwa miluzi. Kisha Naftali akasema kwamba yeye hatayafungua. Akasema hawezi kumwambia mwenzake afanye nini. Jina la Idrissa liko katika mkataba kama lake, na sururu anayo.

Idrissa aliisimamisha sururu chini, akaiegemea.

"Wewe ndiye fundi mkuu," akasema. "Ukisema hapana, sitalikata. Tangu Bama sijavunja amri yako, sitaanza leo. Lakini amri hii ni ya mwisho, Naftali. Usiniite tena ndugu yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Akatia sururu begani akashuka upande wa Ilongero. Naftali alimtazama mpaka alipopotea kwenye vichaka, na hakumwita.

Desemba mvua hazikuja. Zilikuja Februari. Katika miezi ile lambo liliteremka mpaka likawa kama uwanja mdogo wa maji ya rangi ya chai, na watu waliyachota mpaka siku ya mwisho. Hakuna aliyehama Unyamsaa. Thelathini Novemba ilipita, na barua fupi ikasema mkataba umefungwa na amana imepotea.

Kampuni haikuwapo tena. Naftali alitafuta kazi, akaipata kwa serikali ile ile, kuvunja mawe na kuziba mashimo kwenye mlima wa Sekenke, kwa ujira wa siku. Mnyapara wake alikuwa kijana ambaye hakujua kupima mtelemko wa mfereji; Naftali alimrekebisha mara moja, akaambiwa ashike nyundo yake. Hakumrekebisha tena. Kila mwezi alituma sehemu ya ujira Kinampanda, na Rahabu aliigawa: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Ilikuwa fedha kidogo mno, wengine waliona haya kuipokea. Wawili walimsamehe kabisa. Samweli hakusamehe. Aliacha kuja uani Jumapili, na akikutana na Rahabu njiani alimwamkia, akapita. Dina hakurudi shuleni. Mwaka mmoja wa kushikiwa nafasi uliisha, akaolewa Kiomboi.

Habari kwamba baba yake Idrissa amefariki ilimfikia Naftali akiwa mlimani, na ilikuwa imekwisha kuwa ya mwezi mzima. Alikaa juu ya rundo la mawe, akawaza kama aende kuhani. Hakwenda. Hilo ni jambo alilojilaumu maisha yake yote.

Mwaka wa 1958 mhandisi wa tatu alipita akikagua malambo yote ya wilaya. Alikuwa na mtambo mdogo, bomba la chuma lenye meno, linalozungushwa na watu wanne. Aliusimamisha juu ya tuta la Unyamsaa, akatoboa moja kwa moja kwenda chini, akapita kwenye tuta, akaingia kwenye mtaro, akatoa udongo uliokuwa mgumu na mweusi kama siku ile Idrissa alipouonja. Kazi yote ilichukua nusu siku. Hakuna tone la maji lililomwagika. Jioni ile ile akaandika cheti.

Melkizedeki, ambaye sasa alikuwa na mvi, alipeleka habari Sekenke. Boma limeufungua tena mkataba, limekubali kulipa mafungu mawili na amana, lakini limekata faini ya kuchelewesha kazi. Na kwa kuwa mkataba uliwataja watu wawili, lazima watie sahihi wote wawili, la sivyo fedha haitoki.

Naftali aliomba ruhusa ya siku nne akaenda Ilongero. Alimkuta Idrissa uani akipiga uwele, mkewe akipepeta. Mwanamke yule alisimama, akaleta kigoda, akaingia ndani. Naftali alitoa pole ya msiba uliokuwa na miaka minne. Idrissa akaipokea. Kisha Naftali akamweleza yote, mhandisi, bomba, cheti, faini.

"Kwa hiyo walitoboa tundu," Idrissa akasema.

"Walitoboa tundu."

"Kubwa kiasi gani?"

Naftali akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akafanya mduara. Idrissa aliutazama mduara ule. Aliutazama mpaka Naftali akaushusha mkono.

"Mtambo huo ulikuwako wakati wetu?"

"Melkizedeki anasema ulikuwako. Ulikuwa ghalani jimboni. Hakuna aliyeuomba."

Idrissa akaokota fimbo yake ya kupigia uwele, akaiweka chini tena. Alisema angalau baba yake hakuishi kusikia hili. Kisha akaita mkewe alete maji ya kunawa, wakala pamoja ugali wa uwele na mlenda, na asubuhi wakafuatana kwenda bomani.

Walitia sahihi mbele ya Melkizedeki. Alipokwisha kuhesabu noti, aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba majina yao sasa ni safi, na kwamba lambo jingine litatangazwa kabla ya mwaka kwisha. Idrissa alitoka nje bila kungoja. Naftali akauliza kama malipo bado ni mafungu matatu, na kama cheti bado kinatiwa sahihi na mtu mmoja. Melkizedeki akasema ndiyo. Naftali akamshukuru, akamwambia awaombe wengine.

Nje, chini ya ukuta wa boma, waligawana. Naftali alitaka Idrissa achukue zaidi kwa ajili ya wale ng'ombe. Idrissa alikataa. Alichukua nusu yake sawasawa, akaifunga katika kitambaa. Walipoagana njia panda, alishika mkono wa Naftali akasema, "Baki salama, Sajini." Hakumwita ndugu. Naftali naye hakumwita. Lakini baada ya mwaka huo, kila Idi, Idrissa alituma kibuyu cha asali Kinampanda kwa mtu yeyote aliyekuwa anakwenda huko, na Rahabu alirudisha kibuyu kikiwa na karanga.

Fedha ya Naftali ilimalizika kwa siku mbili. Aliwapitia vibarua nyumba kwa nyumba. Watatu walikuwa wamekufa, akawapa wajane wao. Samweli alipokea, akahesabu, akaona imetimia. Alisimama mlangoni kwa muda, kisha akamwambia mkewe alete kigoda. Naftali akakaa. Walizungumza habari za mashamba.

Kwake mwenyewe haikubaki ya kutosha hata ndama. Rahabu alipika kuku siku ile, wakala na majirani. Jumatatu alfajiri Naftali akashika njia ya Sekenke, maana ruhusa yake ilikuwa imekwisha.